Nani Atapanda Juu ya Paa?

Wanangu mlioko Lubumbashi, mmenitumia picha nyingi za nyumba mpya za safu zinazojengwa nje ya mji. Maneno ni yaleyale kila mara: bei nafuu, hazina kazi ya matunzo, mji wa historia na sanaa uko karibu. Nimechoka kuwajibu kwa simu, maana hapa Kaniama mtandao hukatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Basi naandika majibu yangu. Someni polepole, na mke asome, siyo mume peke yake.

Nyumba isiyohitaji matunzo haipo. Ipo nyumba ambayo matunzo yake yanafanywa na mtu mwingine. Muulizeni muuzaji mtu huyo ni nani, analipwa na nani, na siku akiondoka itakuwaje.

Sisi watu wa njia ya reli tumeliona jambo hili kwa macho. Kampuni ya reli ya BCK ilipofikisha reli kwenye bandari ya Port-Francqui mwaka 1928, ikipita Kamina na hapa kwetu, ilijenga kambi za wafanyakazi. Kampuni ya migodi ya Union Minière nayo ilijenga zake Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, hasa baada ya kuona kwamba mfanyakazi anayekaa na mke na watoto hakimbii kazi. Nyumba zilikuwa ndogo lakini imara. Bati likitoboka, kampuni ilileta fundi. Chokaa ikififia, kampuni ilipaka. Mkaaji hakununua hata msumari, na watoto wakakua wakiamini kwamba ukuta hujitunza wenyewe. Halafu Gécamines, iliyoirithi Union Minière, ikaanguka katika miaka ya 1990, na fundi akaacha kuja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Waliobaki ndani ya nyumba za kambi walikuta mabati yameoza na mifereji ya maji machafu imeziba, na ilikuwa ya wote, kwa hiyo haikuwa ya mtu. Kwa ujenzi, nyumba zile hazikuwa mbaya. Kilichozimaliza ni kwamba hakuna aliyeambiwa kuwa zamu imekuwa yake.

Sasa ninyi mnataka kununua nyumba ya safu. Ukuta wako ni ukuta wa jirani. Paa ni moja, na mara nyingi shimo la choo ni moja. Jirani akikataa kuchangia, maji yataingia chumbani kwako, siyo kwake tu. Ndiyo maana nataka muone mkataba: ada ya kila mwezi ni kiasi gani, nani anaishika, nani anaikagua, pampu ya kisima ikifa nani ananunua nyingine. Maji ya Regideso na umeme wa SNEL mnavijua, sina haja ya kuvieleza.

Kama mnataka kazi kidogo kwa kweli, tazameni ujenzi. Paa litokeze nje vya kutosha kuukinga ukuta na mvua. Matofali yawe yameiva. Udongo wa vichuguu vya Katanga hutoa tofali zuri sana, lakini likitolewa tanuruni mapema humomonyoka. Mifereji iwe wazi, mtoto aweze kuifagia. Dari nzuri za plasta na vioo vikubwa vitawapendeza wageni wenu, na gharama yake itabaki kwenu.

Kuhusu karatasi, msinichoshe na habari za dalali anayejua watu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, na haki yako inathibitishwa na sertifika ya usajili. Kampuni ikiwa na sertifika moja ya shamba zima, ninyi bado hamna kitu. Lazima kiwanja kigawanywe na kila mnunuzi apate yake, kwa jina lake. Na hiyo sertifika inaweza kupingwa mahakamani katika miaka 2 ya kwanza, kwa hiyo msitupe risiti hata moja.

Hilo la sanaa linaniuma kidogo, kwa sababu najua mnaipenda kweli. Lubumbashi ni mji wa wachoraji Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, na tangu 2008 una maonyesho ya sanaa yaitwayo Picha. Lakini onyesho la ukumbi wa Halle de l'Étoile likiisha usiku, mtarudi na usafiri gani, kwa bei gani? Wauzaji wanawauzia jina la mji, na mji wenyewe mtaulipia tena kila jioni. Wala msifikiri sanaa imekaa huko tu: ile misa iitwayo Missa Luba iliimbwa kwanza Kamina, na kwaya ya Padri Guido Haazen ikaipeleka Ubelgiji mwaka 1958.

Sisemi msinunue. Kupanga bila mwisho nako kunakula maisha. Subirini mvua za Januari, nendeni huko, na msiingie nyumba ya mfano. Tafuteni mtu aliyehamia mwaka uliopita, mwombeni awaonyeshe dari, nyuma ya choo, na risiti za ada. Kisha nipigieni, hata usiku.