Ridhaa ya Mwenye Haja

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kuliana mali kwa batili, akawahalalishia biashara ifanywayo kwa kuridhiana. Lakini ridhaa ni jambo la moyoni, na mwenye dhiki hukubali kwa sababu zisizofanana na za mtu aliyeshiba. Ndipo yatupasa kuuliza kama mkulima wa karafuu wa Pemba, auzaye mavuno yasiyokuja bado kwa kuwa mtoto yu mgonjwa na nyumbani hamna mchele, ameiridhia kweli bei aliyopewa.

Sharia haikuisahau hali hii. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla hayajadhihiri kupevuka, maana hakuna ajuaye afa itakayoyapata, na mkarafuu wenyewe mwaka huu huzaa hata matawi yakainama, mwaka wa pili ukatoa haba, kisha akaruhusu bei ya salam, ambayo fedha hutangulizwa yote papo hapo, na mali, ikiwa katika dhima ya muuzaji wala si ya mti fulani, hujulikana sifa yake, kipimo chake na muda wake. Mlango huu ni rehema, kwani mkulima hupata fedha ya palizi na ya wachumaji. Hata hivyo mnunuzi aonaye kwamba mwenziwe hana pa kwenda aweza kuishusha bei atakavyo, na sharti hata moja lisivunjike: pishi ni ile ile ya vibaba vinne, mashahidi wapo, fedha imehesabiwa. Msimu ukifika utamwona mwenye shamba amechutama penye jamvi, akizigeuza karafuu kwa kiganja ili jua lizipate sawasawa, zikitoka wekundu na kuwa kahawia, naye ajua kwamba ni za mtu aliyekwisha kumlipa sehemu ndogo ya thamani yake.

Zaidi ya hayo ilikuwapo bei ya khiyari, ambayo shamba huuzwa kwa sharti la kurudishwa deni likilipwa, na mazao yakaliwa na mwenye fedha: riba iliyovikwa kanzu ya bei. Mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalizama humo, hata mwaka 1934 serikali ikatunga sheria za kuzuia ardhi isiwatoke wenyewe.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye ni wa madhehebu yetu ya Kishafii, aliandika katika Ihyaa kwamba anunuaye kwa dhaifu au fakiri hana ubaya akistahimili kumzidishia. Mimi naona haki ya mkulima haitimii pasipo ihsani hiyo. Basi, ewe mnunuzi, mtu akikujia na haja yake usoni, mkopeshe bila ziada ukiweza. Na ukitaka kununua, mpe bei ambayo ungempa lau angalikuwa na akiba ya kumfikisha mpaka mavuno.