Deni kwa Waliokosa Darasa

Wako watu wema wasemao kwamba fedha za elimu ni chache, basi na zitumike kwa watoto. Mzee asiyejua kusoma amekwisha kuishi hivyo, na aachwe alivyo. Hoja hii si ya kipumbavu. Mtoto ana miaka 50 mbele yake, na vyumba vyake vya darasa havitoshi. Walakini twaona ina kosa: yampima mtu kwa faida atakayoleta, wala haiulizi yeye anadai nini.

Tutazame mambo yalivyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mwanakijiji aweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila, yenye masharti yake. Asiyejua kuandika hutia dole gumba. Akiyavunja masharti hayo, haitamfaa kusema kwamba hakuyasoma, maana sheria hushika kwamba kutoijua si udhuru. Au mama mjane aliyetumiwa fedha na mwanawe kwa simu: humtajia kijana wa kibandani namba yake ya siri, kisha humwomba Mungu kijana yule awe mwaminifu. (Wengi ni waaminifu, twakiri, lakini siri ya mtu haifai kutegemea bahati.)

Basi, serikali iwafungayo watu wote kwa maandishi yawezaje kusema kwamba kuwafundisha kusoma ni sadaka, ya kutolewa panapobaki kitu? Sadaka hutolewa kwa hiari. Hili ni deni, tena kwa watu ambao pamba na kahawa yao ilisaidia kujenga shule wasizopata kuingia wenyewe.

Wala mtu asituambie kwamba nchi maskini haiwezi. Mnamo 1967 watu wazima wapatao wawili katika kila watatu wa Tanzania hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wakaketi chini ya miti na katika madawati ya watoto wao, wakifundishwa na walimu wa shule za msingi na hata na wanakijiji wenzao, kwa posho ndogo. Kufika 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya mmoja katika kila kumi. Hata tukizishuku kidogo hesabu hizo, kazi ilikuwa kubwa. Lakini uchumi ulikuwa umekwisha kuyumba. Fedha zikawa haba, na madarasa mengi yakafa kimya kimya. Sensa ya 2022 ilikuta watu wazima wapatao 17 katika kila 100 hawajui kusoma na kuandika.

Hatuombi mtoto anyang'anywe dawati, la hasha. Twaomba fungu la watu wazima liandikwe peke yake katika bajeti ya kila mwaka, lisiwe la kwanza kukatwa mambo yabanapo, na mwalimu wa jioni alipwe posho yake kwa wakati. Watoto wakisha kurudi nyumbani alasiri, chumba kipo na ubao upo.