Usingojee Mwenzako Akosee

Neno kuu: 1 Samweli 24:1–7, Mithali 24:17–18



Nikiwa shule ya upili nilicheza chesi, ule mchezo ambao vitabuni huitwa sataranji. Nilikuwa na ujanja mmoja tu. Unatoa askari wa mbele ya mfalme, kisha askofu, kisha malkia, na hatua ya nne malkia anamla yule askari ambaye hana mlinzi ila mfalme mwenyewe. Kwisha! Mwenzako akiwa mgeni katika mchezo, hata hajajua kilichompata.

Siku moja nikaketi na kijana wa kidato cha kwanza. Nikamtoa malkia wangu. Kijana hakushtuka. Akasogeza askari mmoja nyumba moja tu, njia ikafungwa. Nikajaribu kupitia upande mwingine, akatoa farasi akaziba. Kila akimfukuza malkia wangu, yeye anatoa kete mpya, na zangu bado zimelala. Alinimaliza polepole, watu wakiangalia. Mwalimu akaniambia, "Wewe huchezi. Wewe unaomba mwenzako asione."

Wapendwa, si ndivyo wengi wetu tunavyoishi? Tunakuja kesha, tunaomba kwa sauti kubwa: mwenye duka la ng'ambo ya barabara afilisike, bosi afutwe, anayetupinga ateleze. Lakini duka letu lenyewe halina hesabu, kazini tunafika saa tatu, na Biblia tunaifungua Jumapili. Tunaomba adui aanguke, hatuombi miguu yetu isimame.

Sasa mwangalie Daudi. Sauli amemfuata En-gedi na watu 3,000. Mfalme anaingia pangoni kujisaidia, peke yake, na Daudi yuko humo humo ndani, gizani. Kosa kubwa kuliko hilo liko wapi? Wenzake Daudi wanamwambia hii ndiyo siku yenyewe, Mungu amekuletea adui mkononi. Daudi akakata upindo wa vazi tu, na hata kwa hilo moyo wake ukamchoma. Akawazuia watu wake.

Angalia jambo moja. Daudi hakuwa amekaa bure akingojea Sauli akosee. Katika sura ya 23 tunamkuta akimuuliza Bwana kabla ya kusogea, akienda kuuokoa mji wa Keila. Alikuwa anatoa kete zake. Kwa hiyo Sauli alipokosea, Daudi hakuhitaji kosa lile. Aliketi kwenye kiti cha enzi akiwa na miaka 30, akatawala miaka 40 (2 Samweli 5:4), na damu ya Sauli haikuwa mkononi mwake.

Mimi sikuwa Daudi. Acha niwaambie ukweli.

Nilikuwa na kesi na kaka yangu mkubwa juu ya shamba la marehemu baba. Sikutafuta shahidi hata mmoja. Nilijua kaka si mtu wa tarehe, nikasema moyoni, siku moja atakosa kufika. Na kweli, siku ya kusikizwa hakufika. Jina likaitwa, kimya. Mimi nilijua mtoto wake amelazwa hospitalini. Nilijua! Nikanyamaza. Kesi ikasikizwa bila yeye, nikapewa ushindi, na jioni nikatoa shukrani kanisani. Mlinipigia makofi.

Baadaye kaka akaleta baratasi za hospitali, uamuzi ukafutwa, tukaanza upya. Nikasimama pale sina shahidi, sina kitu. Malkia wangu yuko nje peke yake, kete zote zimelala. Lakini kilichoniuma zaidi ni lile upindo la vazi. Nilikuwa nimesherehekea siku ambayo mtoto wa ndugu yangu alikuwa kitandani. Mithali inatukataza kufurahi adui akianguka. Mimi nilifurahia ndugu wa tumbo moja.

Nikaenda kwake usiku, na sukari kilo mbili na aibu yangu. Nikamwambia, "Kaka, nilijua mtoto ni mgonjwa." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akamwita mama watoto alete chai. Shamba tuligawana mbele ya wazee. Kuaminiana bado kunarudi, pole pole.

Wapendwa, mchezaji mzuri hupanga hatua yake akijua mwenzake ataona kila kitu. Hatua ikiwa nzuri, itabaki nzuri hata akiona. Fanya hivyo wiki hii. Andika hesabu za biashara yako. Fika kazini mapema. Omba kabla hujasogea. Mwenzako akikosea, mwachie Mungu. Asipokosea, wewe bado umesimama.

Na yule adui wa roho zetu je? Petro anatuambia anazunguka kama simba akitafuta wa kumla. Huyo usimngojee asinzie. Vaa silaha za Mungu leo.

Tuombe: Baba, nisamehe kwa kila siku niliyongojea mwenzangu aanguke ili mimi niinuke. Nifundishe hatua yangu ya leo. Na kama kuna ndugu ninayepaswa kumwendea, nipe miguu ya kwenda kabla jua halijatua. Katika jina la Yesu, Amina.