Undugu Si Leseni: Funzo la CryptoFX ya Houston

Mwezi Septemba 2022, tume inayosimamia masoko ya hisa na dhamana nchini Marekani, SEC, ilikwenda mahakamani kwa dharura kuomba kampuni moja ya Houston isimamishwe. Jina lake CryptoFX. Kampuni hiyo ilikuwa ikiendesha madarasa ya kulipia, ikiwaambia watu kwamba watajifunza kutengeneza utajiri kwa sarafu za kidijitali na kwa biashara ya fedha za kigeni. Wengi wa waliohudhuria walikuwa watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Kwa mujibu wa SEC, madarasa yale yalikuwa mlango tu, na ndani ya nyumba mlikuwa na upatu.

Mwaka 2022 tume ilitaja zaidi ya dola milioni 12 zilizokusanywa kutoka kwa watu zaidi ya 5,000. Uchunguzi ulipoendelea, hesabu ikafumuka. Machi 2024 SEC iliwashtaki watu wengine 17, viongozi wa mtandao huo kutoka Texas, California, Louisiana, Illinois na Florida, na safari hii ikataja dola milioni 300 na watu zaidi ya 40,000, ndani ya Marekani na katika nchi nyingine mbili.

Ninayoyaeleza hapa ni madai ya tume katika kesi ya madai iliyofungua, na ninayatumia kwa ajili ya somo lililomo. Nawaandikia hasa ndugu zangu wa Afrika Mashariki tunaoishi Katy na vitongoji vingine vya Houston. Kutoka Katy mpaka katikati ya jiji ni kama maili 30 kwa barabara ya I-10. Waliolengwa ni majirani zetu kabisa, watu tunaokutana nao kazini, shuleni kwa watoto na kwenye foleni ya dukani. Tusiseme yale ni ya Walatino. Maisha yao na yetu yanafanana mno: ugeni, zamu za usiku, pesa za kutuma nyumbani, na ile hamu ya kuacha kubeba boksi siku moja tuwe na biashara yetu. Aliyejua kuzungumza na hamu yao atajua kuzungumza na yetu.

Tuziangalie dalili moja baada ya nyingine, maana karibu zote zilikuwa wazi mchana kweupe.

Dalili ya kwanza ilikuwa mwalimu mwenyewe. SEC inasema mwanzilishi wa CryptoFX, Mauricio Chavez, hakuwa na elimu, mafunzo wala uzoefu wowote katika uwekezaji au sarafu za kidijitali. Hilo lingeweza kugunduliwa kwa swali moja: ulisomea wapi, na nani amekupa ruhusa ya kushika pesa za watu? Lakini swali kama hilo ni zito kumuuliza mtu anayezungumza lugha yako, anayekuambia kwamba naye alifika nchi hii hana kitu. Tunaona haya. Tunaona kama tunamvunjia heshima. Kinyozi hapa Texas hawezi kushika mkasi wa kazi bila leseni ya jimbo, na hakuna anayekasirika akiulizwa. Anayetaka akiba yako ya miaka mitano aulizwe zaidi ya kinyozi.

Dalili ya pili ilikuwa darasa lenyewe. Kujifunza ni kuzuri, na teknolojia mpya zinahitaji kufundishwa. Lakini shule ya kweli inakupa ujuzi ukaondoka nao ukafanye mwenyewe. Hapa, inadai tume, mwanafunzi alifundishwa kidogo kisha akaombwa akabidhi pesa zake ili wengine wamfanyie biashara. Ukimlipa mtu akufundishe kuvua, halafu mwisho wa somo akakuambia umpe pesa za nyavu akavue yeye na akuletee samaki, ujue somo halikuwa la uvuvi.

Dalili ya tatu, na kubwa kuliko zote, ilikuwa ahadi ya faida. Waliokuwa wakiwavuta watu walizungumzia faida ya kati ya asilimia 15 na 100, na uwekezaji ukaelezwa kuwa wa uhakika na usio na hatari. Hapo tutulie kidogo tupige hesabu, kwa sababu hesabu haina undugu na mtu.

Soko la hisa la Marekani, kwa wastani wa miongo mingi, limetoa kama asilimia 10 kwa mwaka, na katikati yake kuna miaka ya kuanguka vibaya. Sasa tuseme mtu anakuahidi asilimia 15 kila mwezi. Ukiweka dola 10,000 na kuacha faida izae faida, baada ya mwaka mmoja utakuwa na zaidi ya dola 53,000. Mtu mwenye uwezo huo hahitaji dola zako elfu kumi. Angekopa benki, akawa tajiri wa kutisha kabla ya miaka kumi kwisha, wala asingehangaika kukodi ukumbi Jumamosi kukutafuta wewe.

Basi pesa za faida zilitoka wapi? SEC inadai kwamba sehemu kubwa ya michango haikufanyiwa biashara yoyote. Ilitumika kuwalipa waliotangulia kile kilichoitwa faida yao, na kuwalipa viongozi kamisheni na bonasi. Tuseme watu 1,000 wameweka dola 5,000 kila mmoja, na wameahidiwa asilimia 15 kwa mwezi. Kila mwezi zinahitajika dola 750,000 za kuwalipa. Kama hakuna biashara, lazima waingie watu wapya 150 wenye dola 5,000 ili malipo ya mwezi huo yatoke. Mwezi unaofuata na hao 150 wanadai, kwa hiyo wanahitajika wapya wasiopungua 173. Kila mwezi shimo linapanuka. Siku wapya watakapopungua, mfumo unaanguka, na wanaoanguka nao ni wengi kuliko waliowahi kufaidi.

Ndiyo maana kupokea malipo ya kwanza si ushahidi wa chochote. Hebu mfikirie muuguzi msaidizi aliyeweka dola 5,000, mwezi wa kwanza akapokea 750 kwenye simu yake. Anapiga picha ya ujumbe wa malipo, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa au la msikiti. Hajadanganya, pesa ameziona kwa macho yake. Jioni hiyo dada yake anampigia, na kesho yake shemeji. Amekuwa mpiga debe bila kujua, na kwa sababu yeye ni mwaminifu, wanaomfuata hawaoni haja ya kuuliza. Upatu hutumia uaminifu wa watu wema. Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili.

Dalili ya nne ilikuwa kamisheni za viongozi. Anayekuletea habari njema ya uwekezaji akiwa analipwa kwa kukuleta, maneno yake hayawezi kuwa ushauri. Ana maslahi. Muulize waziwazi: ukiniingiza, wewe unapata nini? Akibabaika, umeshajibiwa.

Dalili ya tano ilikuja baada ya serikali kuingia, na inasikitisha kuliko zote. Tume inadai kwamba baadhi ya viongozi waliendelea kukusanya pesa hata baada ya mahakama kutoa amri za kusitisha. Mmoja anadaiwa kuwaambia wawekezaji kwamba kesi ile ni ya uongo. Mwingine anadaiwa kumwambia mwekezaji afute malalamiko yake kwa SEC kama anataka kurudishiwa pesa zake. Jamani, kesi ikifunguliwa katika mahakama ya shirikisho, jalada lake liko wazi kwa umma na tume hutangaza kwenye tovuti yake. Ilikuwa kazi ya dakika chache kuhakikisha. Lakini mtu aliyekwisha weka akiba yake yote anatamani sana kuamini kwamba serikali imekosea. Nasi tungetamani. Tukishafika hapo, hata taa nyekundu tunaiona kijani, kwa hiyo kinga lazima itangulie kabla pesa haijatoka mfukoni.

Tusidhani ni sarafu za kidijitali zilizoleta ugonjwa huu. Mwaka 1920 huko Boston, Charles Ponzi, mhamiaji kutoka Italia, aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45 kwa kutumia kuponi za posta za kimataifa. Wahamiaji wenzake Waitaliano walikuwa miongoni mwa waliompa pesa. Siku zile kuponi za posta za kimataifa ndizo zilizosikika kuwa jambo la kisasa ambalo watu wachache walilielewa.

Na nyumbani tunazo kumbukumbu zetu. Tanzania ilikuwa na DECI, iliyoendeshwa na wachungaji, ambako watu waliambiwa wapande mbegu ili wavune. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Kenya iliunda kikosi kazi chini ya Francis Nyenze kuchunguza upatu ulioteketeza mabilioni ya shilingi za wananchi. Nchini Uganda, Desemba 2019, ofisi za kampuni ya Dunamiscoins zilifungwa ghafla na maelfu wakabaki mlangoni. Februari 2025 polisi Tanzania waliwakamata watu waliohusishwa na LBL, ambako mtu alitoa kiingilio kisha akaahidiwa malipo kwa kutazama vipande vya filamu kwenye simu. Hapa Marekani, Agosti 2024, SEC iliwashtaki waanzilishi wa kampuni ya NovaTech, ikidai walikusanya zaidi ya dola milioni 650 kutoka kwa watu zaidi ya 200,000, wengi wao wenye asili ya Haiti. Jana mbegu, leo sarafu, kesho itakuwa akili bandia. Mavazi yanabadilika, na ahadi ni ile ile: faida kubwa, ya haraka, ya uhakika, kutoka kwa mtu wa kwetu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisemi tuache kuaminiana. Bila kuaminiana tusingekuwa na vyama vyetu vya kuweka na kukopa, wala tusingeweza kuchangiana ili mwili wa marehemu usafirishwe nyumbani. Lakini katika chama cha kweli tunajuana kwa majina, daftari liko wazi, na hakuna anayeahidiwa kupata zaidi ya kilichochangwa na kilichozalishwa. Uaminifu wa namna hiyo hauogopi kukaguliwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya kutoa hata dola moja, tafuta jina la mtu na la kampuni kwenye tovuti ya Investor.gov ya SEC na kwenye BrokerCheck ya FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa hisa. Ni bure. Hapa Texas unaweza pia kuwauliza Texas State Securities Board walioko Austin. Kwa uwekezaji wa nyumbani, Tanzania na Kenya kila moja ina mamlaka yake ya masoko ya mitaji. Jina lisipoonekana, acha. Kuonekana nako si dhamana ya faida, lakini kutoonekana ni onyo tosha.

Pili, jipe muda. Anayekuambia nafasi inafungwa usiku wa leo, mwache afunge. Mshirikishe mtu mmoja asiyekuwa ndani ya mpango huo, hasa yule anayependa kupinga, na umweleze kwa maneno yako mwenyewe faida inatoka wapi. Ukishindwa kumweleza, hujaielewa, na usichokielewa usikitolee jasho lako.

Tatu, viongozi wa dini na wa jumuiya zetu wasitoe kipaza sauti kwa mtu yeyote mwenye mpango wa kuwekeza mpaka aonyeshe usajili wake. Dakika tano za kusimama mbele ya waumini zina thamani kuliko tangazo lolote, na matapeli wanalijua hilo.

Nne, aliyekwisha kuliwa asinyamaze. Wapo wanaonyamaza kwa aibu, wapo wanaoogopa kwa sababu ya makaratasi yao, na wapo wanaoona vibaya kumshtaki mtu wa kwao. Lakini katika kesi ya CryptoFX mahakama iliteua msimamizi wa kukusanya mali ili waliopoteza waweze kurudishiwa kitu, na kazi hiyo inategemea watu kujitokeza. Peleka malalamiko SEC, haigharimu kitu. Na jihadhari na wanaokuja baadaye wakidai watakurudishia pesa zako ukiwalipa ada kwanza, maana huo ni utapeli wa pili juu ya wa kwanza.

Teknolojia hizi za kidijitali zina manufaa, na wapo wenzetu wanaozitumia vizuri kwa kazi halali. Hakuna sababu ya kuzikimbia. Lakini hakuna teknolojia, iwe ya jana au ya kesho, inayoweza kufanya pesa izae bila hatari. Atakayekuahidi hivyo, hata akiwa ndugu yako wa damu, mwambie hapana, kisha uwaambie na wengine.