Joto la Zamani na Joto la Sasa: Je, Lawama Ni ya Majira?



Katika mazungumzo juu ya hali ya hewa kuna neno moja ambalo husemwa na watu wenye akili zao, tena kwa utulivu, na kwa sababu hiyo lastahili kujibiwa kwa utulivu. Husemwa hivi: joto kali lilikuwako tangu zamani, dunia ina vipindi vyake vya baridi na vya hari, navyo huzunguka kama gurudumu, kwa hiyo mwanadamu asijisumbue wala asilaumiwe. Neno hili lina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni habari ya jinsi mambo yalivyo, na la pili ni hukumu juu ya wajibu wetu. Watu wengi huyafunga pamoja upesi mno, kama kwamba ukishakubali la kwanza huna budi kukubali na la pili.

Kule Uingereza shahidi aitwaye mara nyingi ni kiangazi cha mwaka 1976. Tuseme kweli, ni shahidi mzito. Tangu tarehe 23 Juni hadi tarehe 7 Julai mwaka ule, siku 15 mfululizo, haikupita siku ambayo joto halikufika nyuzi 32 za sentigredi mahali fulani nchini. Tarehe 3 Julai kipimajoto cha Cheltenham kilionyesha nyuzi 35.9. Mvua ilikuwa imeadimika tangu mwaka 1975, basi mabwawa yakakauka mpaka matope yakapasuka, na sehemu nyingine watu wakachota maji kwa ndoo kwenye mabomba ya barabarani, jambo ambalo kwetu si la ajabu lakini kwao lilikuwa msiba. Mwezi wa Agosti serikali ikamteua Denis Howell awe waziri wa kushughulikia ukame. Baada ya siku chache mvua ikanyesha kwa wingi, na watu wakamfanyia mzaha mheshimiwa yule kwa miaka mingi.

Wazee ambao walikuwa vijana wakati ule huuliza: ikiwa mwaka 1976 mambo yalikuwa hivyo, habari mpya leo ni ipi? Wala si mwaka ule peke yake. Mwaka 1911, mwezi wa Agosti, joto lilifika nyuzi 36.7 huko Uingereza, na mwaka huo huo Ufaransa ilizika maelfu mengi ya watu, wengi wao watoto wachanga. Mwaka 1936 mji mdogo wa Steele katika jimbo la North Dakota, Marekani, ulipata nyuzi 49, na majimbo mengi ya nchi ile hayajavunja rekodi zao za mwaka huo mpaka leo. Tukirudi nyuma zaidi, waandishi wa kumbukumbu za mwaka 1540 wanasimulia jinsi mvua ilivyokosekana Ulaya ya kati kwa miezi mingi, hata watu wakavuka mto Rhine kwa miguu. Wakati huo hapakuwa na gari hata moja duniani, wala kiwanda cha makaa ya mawe.

Hata kuutafuta mzunguko si upumbavu. Mwaka 1625 Mwingereza Francis Bacon aliandika kwamba alisikia watu wa Nchi za Chini, yaani Uholanzi na jirani zake, wakisema hali ya hewa hurudia yale yale kila baada ya miaka 35. Mwaka 1890 bingwa mmoja aitwaye Eduard Brückner, baada ya kuchunguza vimo vya maziwa na tarehe za kuvuna zabibu, alidhani amempata Bacon kuwa mkweli. Bahati mbaya mzunguko huo haukushika saa yake vipimo vilipoongezeka. Lakini mingine imeonekana kweli. Madoa ya jua huongezeka na kupungua kwa muda wa miaka 11 hivi, ingawa nguvu ya jua hubadilika kwa kiasi kama sehemu moja tu katika elfu. El Niño ya bahari ya Pasifiki hurudi kila baada ya miaka miwili hadi saba, nasi twaikumbuka kwa mvua za mwaka 1997 na 1998 zilizovunja madaraja yetu.

Mkubwa kuliko yote ni ule aliouhesabu Mserbia Milutin Milanković, wa jinsi dunia inavyoinama na kuyumba na kubadili njia yake kulizunguka jua, kwa vipindi vya miaka kama 23,000, 41,000 na 100,000. Ndio ulioleta na kuondoa enzi za barafu. Uthibitisho wake ulipatikana katika matope yaliyochimbwa chini ya Bahari ya Hindi, kusini kabisa, na taarifa yake ilichapishwa mwezi wa Desemba mwaka gani? Mwaka 1976, ule ule wa kiangazi kinachotajwa na wazee.

Basi mizunguko iko. Swali linalobaki ni kama mmojawapo waweza kubeba mzigo tunaotaka kuutwika. Hapo ndipo nionapo kwamba hoja inalegea. Mzunguko wa Milanković huenda polepole mno, na zaidi ya hayo, kwa hesabu yake viangazi vya kaskazini vimekuwa vikipokea jua pungufu kidogo kidogo kwa miaka kama 10,000. Ungetuelekeza kwenye baridi. Jua lenyewe limepimwa na setilaiti tangu mwaka 1978, wala nguvu yake haikupanda pamoja na joto la dunia. Tena, kama jua lingekuwa ndilo sababu, hewa ya juu sana na hewa ya chini zingepata joto pamoja. Vipimo vinaonyesha hewa ya chini inapata joto na ile ya juu inapoa, kama itokeavyo blanketi linapozuia joto lisipande. Na blanketi hilo twalijua. Hewa ya ukaa, itokayo kwenye makaa ya mawe, mafuta na misitu iunguayo, ilikuwa sehemu kama 280 katika milioni kabla ya viwanda. Charles Keeling alipoanza kuipima mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Sasa imepita 420.

Mwaka 1976 wenyewe, ukiutazama vizuri, watoa ushahidi tofauti na ule unaodhaniwa. Joto lile lilikuwa la Ulaya ya magharibi. Sehemu kubwa ya dunia mwaka huo ilikuwa na baridi kuliko kawaida. Siku hizi joto likiwaka Uingereza, linawaka na kwingine. Tarehe 19 Julai mwaka 2022 kipimajoto cha Coningsby kilifika nyuzi 40.3, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nchi ile kupita 40. Kiangazi cha mwaka 2025, kwa wastani wa nchi nzima, kiliwapita vyote tangu kumbukumbu hizo zianze mwaka 1884, na kile cha 1976 hakimo tena katika vitano vya kwanza. Upepo usiovuma na anga lisilo na wingu ni mambo ya zamani, nayo yataendelea kuja na kuondoka. Lakini mtu akipanda juu ya kigoda akafikia dari, urefu ni wake, na kigoda nacho hakikujileta.

Sasa tuje kwenye hukumu, maana hapo ndipo kuna jambo la dhamiri. Naomba nianze na hatari ya upande wa pili. Katika ukame ule wa mwaka 1540 miji mingi ya Ujerumani iliungua, na mmojawapo ulikuwa Einbeck. Watu walitafuta wenye hatia. Wakakamatwa watu, wakateswa, wakakiri kwamba walitumwa kutia moto, wakauawa. Leo twajua jinsi mbao na nyasi zilivyokuwa zimekauka mwaka ule, nasi twajua ungamo litolewalo chini ya mateso lina thamani gani. Kwa hiyo yeye atuambiaye tusikimbilie kumtafuta mkosaji kila anga likitenda vibaya, hasemi neno baya. Wamekufa watu kwa sababu wengine hawakuweza kuvumilia msiba usio na mkosaji.

Lakini kukosa mkosaji wa ukame si kukosa mwenye wajibu. Tumkumbuke Yusufu kule Misri. Yeye ndiye mtu wa mizunguko kuliko wote: miaka saba ya shibe, miaka saba ya njaa, nayo imekwisha kupangwa. Mtu mwingine angemwambia Farao, “Haya ni mambo ya majira, tuyaache yapite.” Yeye alijenga maghala. Hata kama wenye kusema mzunguko wangekuwa na haki kabisa katika habari yao, hukumu yao isingefuata. Jambo ambalo twajua litakuja latudai zaidi kuliko lile linalotushtukiza.

Hapa kwetu tuna mfano ulio karibu. Wazee wa Ugogo walizipa njaa majina, na njaa iliyopita kati ya 1917 na 1920 waliiita Mtunya. Mvua ilikosekana, hilo halina ubishi, na Ugogo umezoea mvua kukosekana. Lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita katika vita, yakachukua ng’ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wawe wapagazi. Ukame ulikuta maghala matupu na mashamba bila mikono. Je, tuseme Mtunya ulikuwa mzunguko? Mvua yaweza kuwa na mzunguko wake. Ng’ombe hawakuchukuliwa na mzunguko.

Wengine watauliza, basi ni nani wa kulaumiwa kwa kigoda hiki cha leo? Si wote kwa kiasi kimoja. Mchimba makaa wa karne ya 18 hakujua. Mwaka 1938 mhandisi Mwingereza, Guy Callendar, alionyesha kwa hesabu kwamba dunia ilikuwa inapata joto kwa sababu ya hewa ya ukaa, lakini wakubwa wa elimu hiyo walimsikiliza kwa adabu tu, naye mwenyewe alidhani joto hilo litaleta faida. Siwezi kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hata mgunduzi wake aliliona kuwa baraka. Lakini ujinga wa namna hiyo una mwisho wake, na kwa maoni yangu mwisho huo umepita siku nyingi. Na mama auzaye mkaa kando ya barabara ili watoto waende shule asiwekwe kwenye mizani moja na nchi zilizochoma makaa ya mawe kwa miaka mia mbili. Ana neno la kujibu kuhusu msitu wetu, naam. Lakini neno lake ni dogo.

Kuna wajibu mwingine ambao haungojei wataalamu wamalize kubishana. Mwezi wa Agosti mwaka 2003 joto lilipoishika Ufaransa, walikufa watu kama 15,000 zaidi ya kawaida, wengi wao wazee. Wataalamu walihesabu baadaye kwamba kazi za mwanadamu ziliongeza uwezekano wa kiangazi cha namna ile angalau maradufu. Sawa, lakini mzee aliyekuwa ghorofani Paris aliuawa pia na mlango usiobishwa hodi. Mwezi wa Agosti ni wakati wa likizo kule. Watoto walikuwa pwani, majirani walikuwa pwani, madaktari wengi pia. Baada ya wiki kadhaa ilibaki miili 57 ambayo hakuna ndugu aliyekuja kuidai. Ilizikwa tarehe 3 Septemba katika makaburi ya Thiais, na rais Jacques Chirac alihudhuria.

Sisi twapenda kusema kwamba kwetu jambo hilo haliwezekani. Sina hakika. Nyumba za mjini sasa zina kuta ndefu na mageti, na wako wazee ambao watoto wao huwatumia fedha kwa simu kila mwezi bila kuwaona mwaka mzima.

Wafaransa baada ya hapo waliagiza kila wilaya iwe na orodha ya wazee wakaao peke yao, ili joto likija wapigiwe simu au watembelewe. Na mwaka 2004 wakatunga sheria kwamba wafanyakazi wafanye kazi siku moja ya mwaka bila mshahara, na fedha zake ziende kwa wazee na wasiojiweza. Siku iliyochaguliwa kwanza ilikuwa Jumatatu baada ya Pentekoste, ambayo ilikuwa ya mapumziko. Manung’uniko yalikuwa mengi, wengine wakakataa kwenda kazini, na miaka minne baadaye sheria ikalegezwa ili kila mahali pa kazi pachague siku yake. Lakini siku yenyewe ipo mpaka leo.