Wenyeji wa Kakuma

Ikitajwa Kakuma, ile kambi ya wakimbizi ya Turkana, Kenya, wengi wetu hufikiria foleni: watu wamesimama juani na magunia matupu wakingoja mgao. Foleni hizo ni za kweli. Lakini shika barabara kutoka Lodwar, kilomita 120 hivi za joto na vumbi, kisha uingie mtaa wa Wahabeshi, yaani Waethiopia, katika sehemu ya kambi iitwayo Kakuma 1. Hapo utakuta mkimbizi anakukaribisha mezani kwake.

Hoteli ninayoipenda huko ina kuta za udongo na paa la mabati, na ndani mna kivuli kizito chenye harufu ya ubani. Unamwagiwa maji mikononi kwanza, ndipo mengine yafuate. Sinia huja moja tu, hata mkiwa wanne. Injera, mkate wao mpana na laini, imetandazwa hadi ukingoni, na juu yake kuna shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu, pamoja na kabichi, viazi, na kamande nyekundu zilizoiva kwa berbere, viungo vyao vya pilipili. Kijiko hakuna. Jumatano na Ijumaa mama mwenye hoteli hapiki nyama, kwa kuwa Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku hizo.

Ijumaa moja nilifika na baba mdogo kutoka Lokori. Ni mfugaji wa kule bonde la Kerio, na chakula kisicho na nyama wala maziwa kwake ni chakula cha kipindi cha shida. Alilitazama sinia bila kunyoosha mkono. Yule mama akamwona. Akaja, akamega injera, akaikunja na shiro, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Wahabeshi hukuita kulisha huko gursha, na hufanyiwa mtu wanayemheshimu au kumpenda. Baba mdogo alitafuna polepole, akasema kwa Kiturkana, “Ejok,” yaani vizuri. Kisha akavuta kiti karibu.

Baada ya hapo ilikuwa zamu ya kahawa, na kahawa ya Kihabeshi haina haraka. Mama alikaanga buni mbele yetu, akatupitishia moshi wake tuunuse, akatwanga, akachemsha katika jebena, birika la udongo. Vikombe ni vitatu: abol, tona, baraka. Kila duru maji huongezwa na kahawa hupungua ukali, huku maneno yakiongezeka. Kufikia baraka, baba mdogo na mama walikuwa wakiulizana habari za mvua, bei ya mbuzi na watoto, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiturkana. Mama anakijua Kiturkana vizuri, maana wanaomletea kuni na makaa ni akina mama wa Kiturkana.

Kuanguka kwa Mengistu, mtawala wa Ethiopia, mwaka 1991 ndiko kulikowasukuma wengi huku: vijana wa kusini mwa Sudan waliokuwa makambini Ethiopia, na Waethiopia wenyewe. Kambi ikafunguliwa mwaka 1992. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni hawa wamemaliza zaidi ya miaka 30, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo jembe tuliwanyima: shamba hapana, kibali cha kazi kwa taabu, kutoka kambini mpaka karatasi ya ruhusa. Wakajitafutia. Mwaka 2018 shirika la IFC, la kundi la Benki ya Dunia, lilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa Kakuma ilikuwa na biashara zaidi ya 2,000. Nikikaa katika hoteli ile siishangai hesabu hiyo.

Ninaloliona kubwa zaidi haliingii kwenye hesabu. Binadamu anayepokea tu, mwaka baada ya mwaka, hunyang'anywa kitu ambacho hakuna gunia la mtama linaloweza kukirudisha. Anataka naye aseme karibu. Anataka aulize kama umeshiba. Mama yule alipomlisha baba mdogo, mwenyeji alikuwa nani?

Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua, mgao ulikatwa vibaya na watu wakaandamana. Pigo halikuishia kwenye foleni. Hoteli hizi hutegemea wateja wa kambini, na mteja asiye na kitu hanunui injera. Anayeuza kuni naye hulala na kuni zake.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imewafungulia njia ya kufanya kazi, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa miji ya wenyeji na wakimbizi pamoja. Naunga mkono. Ila sitaupima kwa hotuba za Nairobi. Nitaupima siku mama huyu atakapopanda gari kwenda Kitale kununua vitunguu vyake kwa bei ya huko, bila kumwomba mtu yeyote karatasi.