Nyumba Ndiyo Chuo cha Kwanza

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye, aliyemjulisha mwanadamu asiyoyajua, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelitupa mikononi mwa walimu, kisha tukajiona tumemaliza wajibu wetu. Nalo ni kumfundisha mtoto kusoma na kuendeleza maneno nyumbani, kwa kumjulisha sauti ya kila herufi. Lililotutia hima ya kuliandika ni kisa kilichotokea katika darasa letu wenyewe, nasi twakisimulia bila ya kujitakasa, maana anayewausia watu hana budi aanze na nafsi yake.

Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wetu mtoto wa miaka tisa, amekwisha soma Juzuu ya Amma. Alikuwa akisoma Sura An-Nabaa mbele ya watu, toka mwanzo hata mwisho, asikose hata irabu moja, nasi tukijivuna naye. Siku moja tulimfungulia msahafu, tukaweka kidole katikati ya aya, tukamwambia, "Soma hapa." Akatutazama. Tukamwambia mara ya pili, naye akaanza kusoma kutoka mwanzo wa sura. Tukadhani ni ukaidi, tukampiga. Mwenyezi Mungu atusamehe. Hakuwa mkaidi mtoto yule, bali alikuwa hajui kusoma. Miaka mitatu alikaa mbele yetu, akihifadhi kwa masikio aliyokuwa hayaoni kwa macho, nasi hatukutambua.

Huko shuleni nako mambo yalikuwa hayo hayo. Alikuwa akizisema hadithi za kitabu kwa moyo kwa kutazama picha, na picha ikifunikwa hajui neno. Baba yake, kwa uchungu wa mwana, akampeleka kwa mganga. Akaambiwa kwamba mtoto amefungwa akili, akaandikiwa kombe la zafarani anywe siku saba, akafungwa na hirizi mkononi. Fedha zikenda, na mtoto akabaki vile vile, ila sasa amezidishiwa jambo moja: amesadiki kwamba ndani yake mna shetani.

Ndugu zetu, huu ndio msiba tunaotaka kuuondoa. Mtoto asiyejua herufi inalia vipi, dawa yake ni kuambiwa herufi inalia vipi. Hakuna kombe litakalomwambia.

Tutazame basi ni wapi tunapokosea. Katika vyuo vyetu mtoto huanza kwa majina ya herufi: alifu, bee, tee. Kisha huambiwa, "Bee fataha ba, bee kasra bi, bee dhumma bu." Hili ni jambo jema kwa mtoto anayefahamu kwamba "bee" ni jina tu, na sauti yake ni ile inayotoka midomo inapofumbana kisha ikaachana. Lakini watoto wengi hawaelezwi hivyo. Wao huimba wimbo wote kwa pamoja, ishirini au thelathini kwa sauti moja, na aliyefahamu na asiyefahamu midomo yao yachezana sawasawa. Mwalimu asikia wimbo umenyoka, naye huridhika. Kadhalika katika herufi za Kizungu: mtoto aliyefundishwa kwamba hii ni "be" na hii ni "a", ukimwambia aziunganishe atakuambia "bea", wala hatakosea kwa kadiri alivyofundishwa. Aliyekosea ni aliyempa jina kabla ya sauti.

Na msidhani kwamba kuanza kwa sauti ni uzushi tulioletewa na wageni. Wanavyuoni wetu ndio waliotangulia. Imepokewa kwamba Abul-Aswad Ad-Duali, aliyefariki mwaka 69 wa Hijra, alipochelea watu wasiikosee Qur'ani kwa kuchafuka kwa lugha, alimkalisha mwandishi mbele yake na msahafu, akamwamuru autazame mdomo wake: akiufungua, atie nukta juu ya herufi, akiuvunja kwenda chini, atie nukta chini yake, na akiikusanya midomo, atie nukta mbele yake, na wino wa nukta uwe wa rangi nyingine. Haya majina ya fataha, kasra na dhumma yametoka huko: kufungua, kuvunja, na kukusanya. Ni majina ya kazi ya mdomo. Basi ni ajabu gani kwamba sisi twawafundisha watoto majina haya miaka mingi, wala hatuwaambii hata siku moja kutazama mdomo!

Baada yake akaja Imamu Al-Khalil bin Ahmad, naye alipotunga kamusi yake hakuipanga kwa alifu, bee, tee. Aliipanga kwa mahali sauti zinapotokea, akaanza na zile za kooni, akaja kwa ulimi, akaishia midomoni, na kamusi yenyewe akaiita kwa herufi ya ain iliyotangulia. Na elimu ya tajwidi yote imesimama juu ya makhraji. Mwenye kumfundisha mwanawe sauti ya herufi kabla ya jina lake afuata nyayo za hao.

Wala asiseme mtu kwamba kusoma ni mambo ya dunia. Wahyi wa kwanza uliomshukia Mtume wetu (s.a.w.) katika pango la Hira ulikuwa ni amri ya kusoma, na ndani yake ikatajwa kalamu. Baada ya vita vya Badr, katika mwaka wa pili wa Hijra, wale mateka wasiokuwa na mali ya kujikomboa walifanywa wawafundishe watoto wa Ansari kuandika, na hiyo ikawa ndiyo fidia yao. Wale walimu walikuwa makafiri, na jana yake walikuwa wamesimama na panga kumpiga Mtume, wala elimu ya herufi haikukataliwa kwa kutoka kwao. Zaid bin Thabit akaamriwa ajifunze maandiko ya Mayahudi, akajifunza. Na Bibi Shifaa binti Abdillah alimfundisha Bibi Hafsa, mke wa Mtume, kuandika, na Mtume akalijua hilo asilikataze. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kalamu si ya wanawake, na watuonyeshe wao wamelipata wapi neno hilo.

Tena tukumbuke aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ambayo yaamrisha deni liandikwe na mwandishi asikatae kuandika. Sisi watu wa pwani twaijua hasara ya kutosoma kuliko wengine. Ilipotolewa sheria ya hati za ardhi ya pwani mwaka 1908, wenye ardhi walitakiwa wapeleke madai yao yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya Serikali. Wako waliojua wakaandikisha, na wako wengi ambao habari haikuwafikia, au iliwafikia katika karatasi wasiyoweza kuisoma, na wajukuu wao hata leo waishi juu ya ardhi ya wazee wao kama wageni. Asiyejua kusoma hutia kidole gumba chini ya maneno ya mwingine.

Sasa mzazi atatuuliza: Nifanye nini, na mimi si mwalimu? Twamjibu: huhitaji kuwa mwalimu. Wahitaji robo saa kila siku, baina ya Magharibi na Isha, na subira.

Kwanza, anza na masikio kabla ya macho. Mwulize mtoto: "Mama", sauti ya kwanza ni ipi? Atakuambia "mmm". "Simu" je? "Sss". Mfanyie mchezo huu mnapotembea au mnapokula, mpaka ajue kwamba neno ni sauti zilizofuatana. Mtoto asiyelijua hili, herufi kwake ni michoro tu.

Pili, mpe irabu tano za Kiswahili, a, e, i, o, u, kila moja na umbo la mdomo wake. Kisha mpe herufi ambazo sauti yake yaweza kuvutwa, kama m, s, n, l na f, kwani hizi ni nyepesi kuziunganisha. Zile za kukatika, kama b, d, k na t, zije baadaye, na uzitaje kwa ufupi, usizipachike irabu nyuma yake. Herufi tatu kwa wiki zatosha. Akishajua m na a, mwambie "mmm-a, ma", kisha "ma-ma", naye amesoma neno. Kiswahili kimerahisishwa sana katika jambo hili, maana kila irabu ina sauti moja tu, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Kiingereza si hivyo: humo herufi c husomwa k mara hii na s mara nyingine. Kwa hiyo mtoto na ashike Kiswahili imara kwanza, ndipo avuke.

Tatu, zile sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama ch, sh, ny, dh, th na gh, mfundishe kila moja kuwa ni sauti moja, asizikate.

Nne, kuendeleza maneno kwende pamoja na kusoma. Taja neno, mtoto alikate silabi kwa kupiga makofi, kisha aandike kila sauti aliyoisikia. Hapa watu wa Mvita na Lamu wana jambo la kuangalia. Mtoto wetu asikia nyumbani "mato", "ndia" na "moya", na shuleni kitabu chamwambia "macho", "njia" na "moja". Akiandika "mato" hakukosa sikio, ameandika alichosikia. Mwambie: hivi ndivyo tusemavyo sisi, na hivi ndivyo kiandikwavyo kitabuni. Usimcheke, wala usimfanye aione haya lugha ya mama yake.

Tano, mjaribu. Muwekee kidole katikati ya mstari. Funika picha. Mwandikie neno lisilokuwa na maana, kama "sulefa", uone kama atalisoma. Akilisoma, amejua kusoma, kwa sababu neno hilo hakuna mahali alipolihifadhi.

Na katika Qur'ani fanya vivyo hivyo: sauti ya herufi, kisha irabu, kisha kuunganisha, kisha sakna na shada, na upambanue mapema baina ya sini, swadi na thee, na baina ya kafu na qafu. Hatusemi watoto waache kuhifadhi. Kuhifadhi ni taji. Twasema taji huvikwa kichwa, na kusoma ndiko kichwa.

Hizi njia hata Serikali imezitumia: mpango wa Tusome, ulioenea katika shule za msingi za Kenya tangu 2015, uliwafundisha watoto wa madarasa ya chini Kiswahili na Kiingereza kwa kuanzia na sauti za herufi. Lakini darasa la watoto sitini halina nafasi ya kumsikiliza kila mmoja. Mwenye nafasi hiyo ni wewe.

Iwapo mtoto amefundishwa hivi miezi mingi kwa upole na bado herufi zamponyoka, mpeleke akapimwe macho na masikio. Tena wako watoto ambao Mwenyezi Mungu amewaumba na uzito katika kusoma tu, ilhali akili zao ni kali katika mengine. Hao wahitaji mafunzo zaidi na muda zaidi, si fimbo wala mganga. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametupa bishara kwamba anayeisoma Qur'ani kwa taabu na kukwama ana ujira mara mbili. Yule ambaye Mtume amemwahidi ujira mara mbili, sisi tumpige?

Turudi kwa mtoto wetu. Aliyemponya hakuwa sisi. Mama yake, ambaye ni muuza mahamri, alitujia akatuambia, "Sheikh, mwanangu hana shetani. Mwanangu hajui herufi hizi zalia vipi, na mimi nimeanza kumwambia." Kila jioni alikuwa akitandaza unga katika sinia, akachora herufi moja kwa kidole, akaitoa sauti yake, na mtoto akaifuata, kisha akaufuta unga akachora nyingine. Zile asizozijua yeye mwenyewe alimwuliza bintiye mkubwa, wakajifunza pamoja. Baada ya miezi minne tukaweka kidole chetu katikati ya aya. Mtoto akanyamaza kidogo, akakokota herufi ya kwanza, akaiunganisha na ya pili, akasoma. Alisoma polepole, na alikwama mara mbili, lakini alisoma.

Siku ile tulimwomba radhi mbele ya wenzake, na tangu siku ile hatuna fimbo darasani. Nanyi wazazi twawaomba jambo dogo: usiku wa leo, baada ya Magharibi, mfungulieni mtoto wenu kitabu mahali asipopazoea, mweke kidole, mmsikilize. Mkiona hajui, msiwe na hasira naye wala na mwalimu wake. Kaeni naye chini, muanze na sauti ya kwanza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachungaji wema wa wale aliotukabidhi, na awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.